Nimenunua jogoo wa mnada kanisani kwa laki mbili na ishirini, na tangu Jumapili sina amani

Kihamba_Juu (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe wakuu. Naandika kutoka Moshi.

Jumapili iliyopita usharikani kwetu ilikuwa sikukuu ya mavuno. Mnaojua mnajua: ibada ikiisha watu hawatawanyiki, wanazunguka pale nje, mzee wa kanisa anapanda juu ya benchi, mnada unaanza. Mikungu ya ndizi, maboga, mayai, mahindi, maziwa kwenye kibuyu, kuku wamefungwa miguu.

Akaletwa jogoo mwekundu. Nikasema elfu thelathini, kwa nia njema kabisa, maana paa linavuja na fedha ya mnada ilikuwa ya bati. Nyuma yangu nikasikia, "Hamsini." Kugeuka, ni mtu niliyesoma naye shule ya msingi. Siku hizi anaishi Arusha, amekuja na gari jipya. Sijui kitu gani kilinishika. Sabini. Themanini. Laki. Akina mama wakaanza vigelegele. Kila akitaja, napandisha. Sikumwona jogoo tena, wala bati, wala Mungu. Nilimwona yeye tu. Nilipofika laki mbili na ishirini akanyamaza. Mchungaji akanipa mkono mbele ya watu wote.

Nusu ya fedha ile nilikuwa nimeitenga kwa mbolea ya migomba.

Nimefika nyumbani, nimemfunga jogoo kwenye mgomba, nimekaa barazani, Mathayo 6 ikanijia yote. Anayetoa ili atazamwe na watu hana thawabu kwa Baba. Sasa hoja yangu ni hii, mnisahihishe: naona kama nia si safi, bora mtu asitoe kabisa. Nimeazimia kukaa pembeni. Nisitoe hadharani, nisiombe hadharani, na uongozi wa jumuiya niuache mpaka moyo unyooke. Nakosea?

Rombo_Tarakea

Laki mbili na ishirini, jogoo mmoja! Mangi, kwa hela hiyo pale soko la Mbuyuni ungerudi na majogoo saba na nauli juu.

Mhazini_Mstaafu

Pole ndugu. Nimekuwa mhazini wa usharika miaka kumi na mmoja, nikwambie nilichokiona mezani kwa kuhesabia.

Bati halijui nia ya mnunuzi. Mvua za masika zikija, yule bibi anayekaa chini ya lile tundu atakaa pakavu, iwe ulitoa kwa upendo au kwa ubishi. Ukisubiri moyo unyooke kwanza, bibi ataloa.

Na usidhani ukikaa pembeni umepona. Kwetu alikuwepo mtu anayetoa kwa bahasha isiyo na namba wala jina. Kila mwezi, fedha nzuri. Tulimsifu sana huyo asiyejulikana. Baadaye ikaonekana watu wasiopungua watatu wanamjua, kila mmoja ameambiwa na yeye mwenyewe, kila mmoja ameombwa asimwambie mtu. Simcheki, nampenda mpaka leo. Nataka kusema kwamba hata gizani majivuno yanapata njia.

BintiWa_Uru

Mimi nipo na mleta mada. Mungu si wa kuchezewa. Anania na Safira walikufa kwa sababu walitoa pungufu huku wakitaka sifa. Bora usitoe.

Mwalimu_Kipaimara

Dada wa Uru, soma tena Matendo 5 mstari wa 4. Petro anamwambia kiwanja kilikuwa chake, na hata kilipouzwa fedha ilikuwa mikononi mwake. Hakulazimishwa kutoa hata senti. Walikufa kwa uongo: walileta sehemu wakadai ni yote. Mleta mada hakudanganya. Alisema laki mbili na ishirini, akalipa laki mbili na ishirini.

BintiWa_Uru

Sawa mwalimu, nimeelewa. Lakini alidanganya kwa sura. Watu walidhani wanamwona mtu anayelipenda kanisa.

Tenor_wa_Sakina

Niko Arusha, naimba kwaya mwaka wa tisa. Mada hii imenigusa mahali pabaya.

Tulipokwenda kurekodi video, mpiga picha alipita na kamera mbele ya kila safu. Mimi nikawa nahesabu: ikifika kwangu nifumbe macho, niinue mkono kidogo. Niliifanyia mazoezi nyumbani mbele ya kioo, sifichi. Video ikatoka, pale nilipofumba macho pamekatwa. Nilinuna wiki nzima, nikajiuliza nanuna kwa ajili ya nani.

Niliacha kwaya miezi minne, kama anavyotaka kufanya mleta mada. Sikuona utakaso wowote. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma nawahukumu waliobaki: huyu anajionyesha, yule anavuta sauti ili asikike. Nimerudi. Sasa kamera ikija naangalia mikono ya mwalimu wa kwaya. Siku nyingine naweza, siku nyingine siwezi.

Njia_ya_Kibosho

Salamu kutoka Kibosho. Sisi Wakatoliki jambo hili tunafundishwa wazi: kuna majuto kamili, yanayotoka katika kumpenda Mungu, na kuna majuto yasiyo kamili, yanayotoka katika kuogopa adhabu au kuona ubaya wa dhambi. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1551 ulisema hata hayo yasiyo kamili ni zawadi ya Mungu, na yanatosha kupata msamaha. Yaani Mungu anampokea hata anayekuja kwa kuogopa moto. Basi kwa nini asimpokee aliyekuja kwa kumshinda mwenzake kwenye jogoo?

Padre_Hapana_Katekista_Ndiyo

Ndugu yangu wa Kibosho, umeruka kitu. Hayo majuto yasiyo kamili peke yake hayatoshi. Yanamwandaa mtu apokee msamaha katika sakramenti ya kitubio. Lazima aende akaungame. Na kuogopa moto bado ni kumwelekea Mungu. Kumshinda mwenzako ni kumwelekea mwenzako. Si kitu kimoja.

Njia_ya_Kibosho

Asante katekista, hapo nimekubali. Lakini huyu naye amekwishaungama, tena mbele ya uzi mzima.

Zamu_ya_Usiku

Mimi ni muuguzi. Nitaeleza yaliyonipata, hospitali siitaji.

Nilipoanza kazi nilikuwa na tabia ya kusali na wagonjwa jioni kabla ya kukabidhi zamu. Jambo jema. Ila nilijua muda ambao mkuu wa wauguzi hupita wodini, na bila kupanga sana sala zangu zikawa zinaangukia muda huo. Sauti inapanda kidogo. Maneno yanakuwa mazuri. Siku moja walikuwepo wageni, nikasali ndefu kweli, mpaka mgeni mmoja akafuta machozi.

Usiku uliofuata niko peke yangu. Kitanda cha dirishani alilala bibi mmoja wa milimani, mgonjwa sana. Akaniita. "Mwanangu, sali tena vile ulivyosali jana mbele ya wakubwa. Nilisikia vizuri, nikalala."

Nilisimama pale nikakosa la kusema. Ile sala niliyoiona takataka ndiyo iliyomlaza. Na sasa ananiomba ileile, hakuna mkubwa, hakuna mgeni, nami sina maneno. Nilisema Baba Yetu tu, polepole, tukamaliza pamoja.

Bado sijui niiweke wapi ile sala ya kwanza. Mhazini atasema bati halijui. Lakini mimi najua, na naona aibu, na wakati huohuo siwezi kutamani nisingeisali.

Mama_Ushuhuda

Muuguzi, Mungu akubariki kwa ukweli huo.

Mimi nililelewa na mama mlokole. Dawa ya hili tuliijua zamani: kutembea nuruni. Uamsho ulioanzia Uganda miaka ya 1930 ulifundisha kwamba dhambi ikifichwa inakua, ikitajwa mbele ya ndugu inanyauka. Mama akijikuta ametoa kwa kujionyesha, Alhamisi kwenye ushirika anasimama anasema: "Ndugu, nilitoa ili mnione, damu ya Yesu imenitakasa." Wanaimba, imekwisha. Mleta mada asimame kanisani palepale alipopewa mkono, aseme.

Mwalimu_Kipaimara

Mama, nyongeza ndogo. Uamsho tunautaja kuwa ulianzia Gahini, Rwanda, ingawa mbegu yake ni Kampala, mwaka 1929, pale daktari Joe Church wa Gahini alipokutana na Simeoni Nsibambi wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kwa hiyo Uganda imo, hujakosea sana.

Mtoto_wa_Mlokole

Kwa heshima zote kwa Mama Ushuhuda, mimi pia nimelelewa humohumo na nimeona upande wa pili. Kuna watu ushuhuda wao ulikuwa unasubiriwa. Dhambi kubwa, machozi, wimbo. Nikiwa na miaka kumi na mitano niliongeza chumvi kwenye toba yangu ili ifanane na za wakubwa. Nilitubu hata mambo ambayo sikuyafanya! Sasa toba ya ile toba nikaitoe wapi? Nikitubu hadharani kwamba nilitubu kwa kujionyesha, watu wataimba tena.

Akisimama kanisani kusema habari za jogoo, atapigiwa vigelegele mara ya pili.

Mama_Ushuhuda

Mwanangu, umesema kweli inayouma. Lakini waliodanganya hawaifuti ile iliyokuwa kweli. Mama yangu alirudisha jembe la jirani aliloliiba kabla sijazaliwa. Hakuimbiwa. Alitukanwa. Basi mleta mada asiseme mbele ya wote, amwambie mtu mmoja. Yule aliyeshindana naye.

Mzee_Meku

Vijana, mnauliza kana kwamba imani huanza na nia safi.

Babu yangu alibatizwa kwa sababu alitaka kusoma, na alitaka kusoma ili asipunjwe kwenye mzani wa kahawa. Alitusimulia mwenyewe bila haya. Walutheri walipofika hapa 1885 hata mangi, mtawala wetu, alikuwa na yake moyoni. Kanisa la Kilimanjaro limeanza na watu wenye nia za kila namna. Babu huyohuyo, uzeeni, kila Jumamosi alikuwa anashuka kufagia kanisa. Hakuna aliyemwona isipokuwa sisi wajukuu tuliobeba ndoo.

Mwalimu_Kipaimara

Shikamoo mzee. Tarehe naomba niiweke sawa: waliofika Moshi mwaka 1885 ni Waanglikana wa CMS, shirika la wamisionari kutoka Uingereza, wakaondoka 1892 baada ya vita vya Mangi Meli na Wajerumani. Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, walikuja 1893. Wakatoliki walikuwa wametangulia Kilema, 1890. Ila kuhusu mangi ni kweli kabisa. Mangi Rindi wa Moshi aliwapokea wale wa CMS akitaka mafundi na bunduki, wao wakaleta Biblia.

Mzee_Meku

Marahaba. Nimesahihishwa na nimefurahi. Aika mbe, asante.

Njia_ya_Kibosho

Kumbe Kilema tuliwatangulia! Naomba hiyo posti ibandikwe juu kabisa.

Isale_Bichi

Nimesoma kimya, ngoja niongeze la nyumbani.

Baba zangu wawili waligombania mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Mdogo alikosea, akaja na jani la isale limefungwa fundo, ishara ya kuomba msamaha. Wachagga mnajua, ukiletewa isale hukatai. Baba mkubwa akalipokea. Lakini moyoni hakusamehe, alisema wazi kwamba amepokea isale, si mtu. Alisamehe kwa kulazimishwa na mila.

Kwa kuwa amepokea, ikabidi amsalimie. Kwa kuwa anamsalimia, ikabidi siku ya msiba akae naye. Mwaka wa tatu au wa nne niliwakuta wanacheka pamoja chini ya mparachichi, na sijui ni siku gani hasa msamaha uliingia. Mkono ulitangulia, moyo ukaja nyuma. Angesubiri moyo, wangezikwa maadui. Kwa hiyo namwambia mleta mada: endelea kutoa.

Mtoto_wa_Mlokole

Na wa kwetu je? Babu alipokea isale ya kaka yake mwaka ambao mimi sijazaliwa. Akamsalimia mpaka kifo. Hakuwahi kula kwake hata ndizi moja. Mkono ulitangulia, moyo haukufika. Naogopa kuifanya hii kuwa kanuni.

Mwalimu_Kipaimara

Hapa ndipo Luther alipokuwa mkali. Kwenye mihadhara yake ya Waraka kwa Warumi, 1515 na 1516, anasema mwanadamu amejikunja kuelekea nafsi yake, kiasi kwamba hata mema ya Mungu na Mungu mwenyewe anavitafuta kwa faida yake. Mizizi ya wazo hilo iko kwa Agostino. Ukiamini hivyo, nia safi ya asilimia mia usiitafute kwako. Hutaipata leo, hutaipata ukikaa pembeni miaka ishirini. Kilicho safi ni kile unachopewa. Nalisema hili kwa sababu nimewahi kufundisha vijana wa kipaimara kwa bidii kubwa mwaka ambao nilijua nafasi ya mwinjilisti iko wazi.

BintiWa_Uru

Mwalimu, hiyo haitakuwa kisingizio? Kila mtu atasema "nimejikunja, ndivyo nilivyo" na ataendelea kununua majogoo. Yesu alisema heri wenye moyo safi. Hakusema heri wenye moyo uliojikunja.

Mwalimu_Kipaimara

Hapo umenibana. Nitalifikiria.

Mhazini_Mstaafu

Na mkumbuke Mathayo 5:16 nayo ipo: nuru iangaze watu waone matendo mema. Sura moja kabla ya ile ya mkono wa kushoto. Aliyesema ni yuleyule, mlima uleule.

Tenor_wa_Sakina

Ila ile ya sura ya 5 inaishia "wamtukuze Baba yenu". Mnadani aliyetukuzwa ni Kihamba.

Kihamba_Juu (mleta mada)

Wakuu, nimesoma zote, nyingine mara mbili. Muuguzi, ile yako nilimsomea mke wangu.

Nilifuata ushauri wa Mama Ushuhuda. Jana nilimpigia yule mwenzangu wa Arusha. Nikamwambia kila kitu: nilipandisha bei ili nikushinde, gari lako liliniuma, naomba unisamehe. Akakaa kimya muda mrefu nikadhani simu imekatika.

Akasema: "Yule jogoo alikuwa wa mama."

Mama yake ni mjane. Hana kitu kingine cha kuleta, alileta jogoo wake wa pekee. Mwenzangu alipomwona anabebwa kwenda kwenye benchi alitaka kumnunua amrudishie mama. Alikuwa na laki mbili mfukoni, basi. Ndiyo maana alinyamaza. Gari nalo si lake, ni la kazini.

Mimi nimekaa siku tano nikichunguza nia yangu, ya kwake sikuichunguza hata dakika moja. Niliijua tayari, au niliona naijua. Jogoo bado yuko kwenye mgomba. Anawika saa kumi usiku.

Zamu_ya_Usiku

Nimelia.

Padre_Hapana_Katekista_Ndiyo

Paulo kwa Wakorintho wa kwanza, sura ya 4: msihukumu neno kabla ya wakati wake mpaka ajapo Bwana, naye atayadhihirisha mashauri ya mioyo. Na mistari michache kabla anasema hata nafsi yake haihukumu. Nimeufundisha mstari huo mara nyingi nikimaanisha wengine tu.

Mzee_Meku

Mjane na jogoo wake, ni yule wa Marko 12 na senti zake mbili. Alitoa kimyakimya bila mtu kujua.

BintiWa_Uru

Shikamoo mzee. Naomba leo nisahihishe mimi: alionekana. Yesu alikuwa ameketi kuielekea sanduku la hazina anatazama, kisha akawaita wanafunzi akawaambia. Yeye mama ndiye hakujua kuwa anatazamwa.

Mzee_Meku

Marahaba mwanangu. Umenipa kitu cha kwenda nacho shambani.

Rombo_Tarakea

Mrudishe jogoo! Usiku, umwache getini, mkono wa kushoto usijue. Na usipige picha.

Mama_Ushuhuda

Asimrudishe bila kusema na mama. Yule mjane alimtoa kwa Bwana. Ukimrudishia sadaka yake, umemnyang'anya utoaji wake.

Isale_Bichi

Naona Mama Ushuhuda ana haki, na Rombo ana haki. Mimi ningepeleka jogoo na isale.

Tenor_wa_Sakina

Samahani kwa kutoka nje ya mada, kwenye mnada huo ndizi za mchare zilifika shilingi ngapi mkungu? Huku kwetu Novemba unakuja wetu.

Mhazini_Mstaafu

Kijana wa Sakina, mchare wa mnada hauna bei. Unanunuliwa, unarudishwa, unauzwa tena. Nimewahi kuona mkungu mmoja umeuzwa mara nne na mwisho ukapewa mwinjilisti.

Kihamba_Juu (mleta mada)

Nimerudi kutoka kwa mama.

Nilikwenda jana jioni, giza limeingia, nikiwa na jogoo kwapani. Nilitaka nimfunge kwenye nguzo ya banda niondoke. Mbwa wakabweka, mama akatoka na taa. Kwa hiyo siri haikuwezekana. Nikamweleza yote, na ya mwanawe pia. Akasema mwanawe angemuuliza kwanza, asingemruhusu amnunue, jogoo alikwishakuwa wa Bwana. Akakataa kata kata kumpokea. Kisha akaniambia nikae, mgeni hawezi kuondoka hivi hivi, akamwita mjukuu alete kisu.

Rombo_Tarakea

Kwa hiyo jogoo umemla mwenyewe! Thawabu yako umekwisha kuipata, mangi.

Kihamba_Juu (mleta mada)

Tumemla wote, na watoto wa jirani. Firigisi alinipa mimi. Nilitaka kukataa, mama akaniangalia, nikala.

BintiWa_Uru

Na uongozi wa jumuiya, umeuacha?

Kihamba_Juu (mleta mada)

Alhamisi ibada ya jumuiya ni nyumbani kwangu, na barua niliyoiandika iko ndani ya Biblia. Sijaamua.